TAMKO LA TAWI: KOSA KWENYE HESABU ZA KODI HALIREKEBISHWI KWA KUMPIGIA SIMU MENEJA



Ujumbe huu ni mrefu kuliko tuliyozoea kutumiana. Tunaomba usomwe wote, hasa na wenye kampuni ndogo, maduka, mashine za kukoboa na nyumba za wageni, na wale ambao watoto wao au ndugu zao wanaendesha biashara hizo. Mwenye kuusambaza ausambaze mzima, asikate kipande.

Kila msimu wa mpunga ukiisha na fedha ikaanza kuzunguka mjini, ofisi ya tawi hupata wageni wa aina moja. Mwanachama anaingia na karatasi ya kodi, au picha ya karatasi kwenye simu. Anasema deni lililoandikwa si lake. Au alishalipa. Au mwaka uliotajwa kampuni yake haikuwa hata imesajiliwa. Tunampa kiti, tunamsikiliza, na mwisho wa maelezo linakuja ombi lile lile: "Katibu, wewe mpigie tu meneja, mnajuana."

Kamati ya Utendaji imelizungumza jambo hili katika vikao viwili, na hatukukubaliana haraka. Wapo waliosema kazi ya Chama ni kumsemea mwanachama, na kama simu moja inaweza kumwokoa mtu, kwa nini isipigwe. Uamuzi uliofikiwa ni huu: *tawi halitapiga simu hiyo, kwa mwanachama yeyote, awe mwenyekiti au aliyechukua kadi jana.* Tunajua baadhi yenu hamtafurahi. Someni sababu kwanza.

Simu haina muhuri. Ukishaongea na mtu ukaambiwa "nimekuelewa, tutaliangalia," unarudi nyumbani umetulia. Siku zinaendelea kuhesabika. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30, tangu alipofikishiwa uamuzi wa kodi, kuwasilisha pingamizi lake kwa maandishi. Haisemi siku 30 tangu alipozungumza vizuri na ofisa. Mwezi ukipita bila pingamizi wala ombi la kuongezewa muda, makadirio yale, hata yawe na kosa la wazi kiasi gani, yanakuwa deni. Kwa hiyo simu ya katibu, iliyopigwa kwa nia njema kabisa, inaweza kuwa ndiyo iliyommaliza mwanachama.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni gumu kidogo kulisema kwenye kundi la Chama. Kama tawi lina uwezo wa kufuta deni lisilo sahihi kwa simu, basi lina uwezo wa kufuta na lililo sahihi. Na jirani yako ambaye hana kadi yetu, mwenye duka lile lile na kosa lile lile, yeye atampigia nani? Hatuwezi kusimama jukwaani tukadai haki kwa wote, kisha ofisini tukagawa haki kwa orodha ya simu.

Kukataa kupiga simu si kumwacha mtu. Sehemu kubwa ya ujumbe huu ni kueleza nini kifanyike badala yake, na tutaanza na mfano. Kampuni tunayoisema haipo, na msianze kutafutana ni ya nani. Tumeiunda kutokana na mambo ambayo kila mwenye mashine hapa bondeni anayajua.

Ni dada na kaka, wana mashine ya kukoboa mpunga. Walianza kama biashara ya dada, kwa TIN yake mwenyewe. Mambo yalipokua wakasajili kampuni BRELA, kampuni ikapata TIN yake. Ile ya zamani hawakwenda kuitolea taarifa kwamba biashara imehamia kwenye kampuni. Waliona imekufa yenyewe. Awamu ya kwanza ya kodi wakalipa kama walivyozoea, namba ya malipo ikatolewa kwa jina la dada. Mwaka unaisha, kampuni inaonekana haijalipa chochote. Dada naye anaonekana amelipa kodi, na bado ana biashara ambayo haijaleta ritani. Wanadaiwa mara mbili kwa mashine moja, fedha wametoa kweli, na risiti ya benki wanayo. Kwenye mfumo, fedha ile iko mahali, ila si mahali pake.

Mwaka huo huo waliuza mchele kwa shule ya serikali. Shule ikakata kodi ya zuio, asilimia 2 ya malipo, kama sheria inavyoitaka taasisi ya serikali inunuapo bidhaa. Cheti cha zuio kikatoka na TIN ya dada, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ankara ya zamani waliyoinakili. Hiyo asilimia 2 ni kodi ya kampuni iliyokwishalipwa. Lakini kampuni haiwezi kuidai mpaka cheti kirekebishwe.

Haya mawili ni madogo. La tatu ndilo linaloangusha watu huku kwetu, tukae nalo kidogo.

Mashine inakoboa mpunga wa wakulima kwa ada. Mnunuzi wa Dar hataki kulipa wakulima arobaini mmoja mmoja, anatuma fedha yote kwenye akaunti ya kampuni, na kampuni inawagawia wakulima. Tuseme msimu mzima mchele uliopita hapo ni kilo 100,000, kwa bei ya shilingi 1,800 kwa kilo. Akaunti imepokea shilingi milioni 180. Ada ya kampuni, tuseme shilingi 100 kwa kilo, ni milioni 10. Sasa ofisa anaomba taarifa ya benki, kama ilivyo haki yake. Anaona milioni 180 zimeingia. Ritani ya kampuni inasema mapato ni milioni 10. Wewe ungekuwa ofisa ungefikiri nini?

Hapo hakuna aliyesema uongo. Benki imesema kweli, ritani imesema kweli, na makadirio yanayotoka yana kosa la milioni 170. Hata kama ofisa hana nia mbaya hata chembe, hana namna ya kujua fedha ile ni ya wakulima, kwa sababu kampuni haina daftari linaloonyesha: huyu wa Mbasa gunia 22, huyu wa Mang'ula gunia 15, kalipwa kiasi hiki, kasaini hapa. Msimu mzuri zaidi ya huo, miamala ikipita milioni 200 kwa miezi 12, swali linakuwa kwa nini kampuni haijajisajili kwenye VAT, maana hicho ndicho kiwango tangu Julai 2023. Kampuni ya milioni 10 inahojiwa kama ya milioni 200.

Maduka ya zamani hapa mjini yalikuwa na maandishi ukutani, mali bila daftari huisha bila habari. Wazee wetu walikuwa wanafikiria mwizi na mtoto mkorofi wa dukani. Siku hizi kuna daftari la pili, liko kwenye mfumo wa mamlaka, linaandikwa na watu wengine na mashine nyingine. Mnunuzi akitaja TIN yako kimakosa kwenye risiti ya EFD, limeandikwa. Benki ikipeleka malipo kwenye mwaka mwingine, limeandikwa. Na ikitokea madaftari mawili hayafanani, sheria ya rufaa za kodi inasema mlipakodi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yana kosa. Si mamlaka inayothibitisha kwamba yako sawa. Unaweza kuona si haki, na wengine kwenye Kamati tunaona hivyo, lakini ndivyo ilivyo leo, na ukienda pale ukisema "wao ndio waonyeshe" utarudi kama ulivyokwenda.

*Sasa, nini kifanyike.*

Kwanza itazame karatasi yenyewe ni ya nini. Kama hakuna makadirio yaliyotolewa, ila umeona kwenye akaunti yako ya mlipakodi kwamba malipo yamekaa kwenye TIN nyingine, aina nyingine ya kodi au mwaka mwingine, hilo ni ombi la marekebisho. Unaandika barua kwa meneja wa wilaya, unataja tarehe ya malipo, kiasi, namba ya kumbukumbu ya malipo, TIN yalikokwenda na TIN yalikotakiwa kwenda, unaambatanisha risiti ya benki. Kwa wale ndugu wawili, dada aandike barua yake na kampuni iandike yake, maana kisheria ni watu wawili tofauti hata kama jioni wanakula sahani moja. Cheti cha zuio kinarekebishwa kuanzia kwa aliyekitoa, kwa hiyo safari ya kwanza ni shuleni kwa mhasibu.

Lakini kama karatasi uliyonayo ni hati ya makadirio, siku 30 zimekwishaanza. Hapo barua ya kuomba marekebisho peke yake haitoshi. Andika pingamizi. Sema uamuzi unaoupinga ni upi, wa mwaka gani, kwa nini una kosa, na kiasi gani unakubali unadaiwa kweli. Mstari huo wa mwisho wengi hawapendi kuuandika. Uandike, kwa sababu unahusu fedha ya kutanguliza.

Sheria inasema pingamizi halipokelewi mpaka mlipakodi alipe kiasi asichobishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Kampuni yetu ya mfano imekadiriwa milioni 9 na yenyewe inakubali milioni 1. Theluthi ni milioni 3. Itatakiwa kulipa milioni 3 ndipo isikilizwe. Mwezi wa pili, mpunga uko shambani, mashine imesimama, milioni 3 inatoka wapi? Wengi huishia hapa. Wanaona hawana theluthi, basi hawaandiki kitu.

Tunaomba hili lisomwe mara mbili: *sheria hiyo hiyo inaruhusu kuomba kiasi hicho kipunguzwe au kiondolewe, ukiwa na sababu za msingi.* Ombi liandikwe, liende pamoja na pingamizi, ndani ya siku zile zile 30. Taja sababu kwa kirefu, ambatanisha ushahidi wa hali ya kampuni. Linaweza kukataliwa. Lisilooandikwa limekwisha kukataliwa. Vivyo hivyo muda: kama ulikuwa nje ya nchi, ulilazwa, au una sababu nyingine nzito, omba kuongezewa muda kwa maandishi kabla muda haujaisha.

Kila barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukituma kwa mtandao, hifadhi uthibitisho. Ukiambiwa "acha tu hapo mezani," omba muhuri kwa adabu. Ukiambiwa muhuri ameondoka nao mtu, subiri arudi. Kuna ndugu zetu ambao siku 30 zao zimekwenda hivi: wiki ya kwanza msiba, wiki ya pili mhusika yuko semina Morogoro, wiki ya tatu mtandao uko chini, wiki ya nne wameambiwa waje Jumatatu. Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya 32. Hawakuwa wazembe, walikwenda kila walipoambiwa. Hawakuwa na karatasi hata moja yenye muhuri.

Pingamizi likiamuliwa na hukuridhika, njia inaendelea Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, na kwa hoja za kisheria hadi Mahakama ya Rufani. Kama mamlaka haijatoa uamuzi ndani ya miezi 6, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, nawe una haki ya kwenda Bodi. Maana yake ukimya si ushindi wako. Usikae mwaka mzima ukidhani wamesahau.

Ipo pia ofisi ya msuluhishi wa malalamiko na taarifa za kodi, iliyoanzishwa kwa marekebisho ya sheria mwaka 2019, kwa ajili ya malalamiko ya huduma na utaratibu: barua isiyojibiwa, ucheleweshaji, kuzungushwa. Itumieni. Ila usiipeleke hesabu yako huko ukaacha kuwasilisha pingamizi, ukidhani siku zimesimama kukusubiri.

Tumezungumza ya mamlaka. Tuzungumze na yetu, maana tamko lenye upande mmoja halitamsaidia mtu.

Madeni mengi yanayoletwa ofisini kama "kosa la TRA" yakifunuliwa ni ritani ambayo haikupelekwa. Kampuni ilisajiliwa kwa ajili ya zabuni moja ya Halmashauri, zabuni ikakosekana, kampuni ikaachwa. Wenyewe wanaona haipo. Kwenye mfumo ipo, inatakiwa kuleta ritani, na kila mwezi wa kuchelewa una adhabu, na adhabu ya kampuni ni kubwa kuliko ya mtu binafsi. Kama kampuni hufanyi nayo kazi, peleka ritani inayosema haikufanya kazi, au fuata utaratibu wa kuifunga. Haifi kwa kusahauliwa.

Jingine ni kijana wa steshenari. Tunawapenda vijana hawa, wanatusaidia sana. Lakini akaunti yako ya mlipakodi imefunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, na neno la siri analo yeye. Hati ya makadirio ikitumwa, inaingia kwake. Siku 30 zinaanza kuhesabika kwenye simu ya mtu ambaye amekwishahamia Mlimba na laini amebadilisha. Halafu mwenye kampuni anashangaa kukuta akaunti ya benki imezuiwa, anasema hakuwahi kuarifiwa. Kisheria anaweza kuwa aliarifiwa. Wiki hii, kabla ya kitu kingine chochote, kila mwenye kampuni ahakikishe namba ya simu na barua pepe zilizoko kwenye mfumo ni zake.

Na wale washauri wa mitaani wanaojaza ritani ya sifuri kwa elfu ishirini bila kukuuliza umeuza nini. Sifuri hiyo ni ya kwako, si yake. Miaka miwili baadaye mashine yako ya EFD inasema uliuza, ritani inasema hukuuza.

Kuhusu mafuriko. Sheria inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Sisi tunakaa bondeni. Aprili 2024 kila mtu anakumbuka maji yalivyoingia, na wengine walibeba watoto na godoro, hakuna aliyefikiria boksi la risiti. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kukaa kimya mpaka siku ya ukaguzi ndipo useme zilikwenda na maji, kwa sababu kila mwenye kuficha naye husema hivyo hivyo. Aliyepotelewa atoe taarifa polisi, aiandikie mamlaka mapema akitaja zilizopotea, kisha aanze kuzikusanya upya: taarifa za benki zipo benki, miamala ya simu ipo kwa kampuni ya simu, nakala za ankara ziko kwa wanunuzi. Risiti za EFD zinafifia hata zisipolowa, kwa hiyo piga picha. Wazee wetu walitembea na stakabadhi ya kodi ya kichwa imefungwa kwenye nailoni ndani ya mfuko wa shati, na waliihifadhi hata baada ya kodi ya maendeleo kufutwa mwaka 2003. Hawakuwa wanamwamini mtu. Walikuwa sahihi.

Sasa tuseme neno kwa upande wa pili, na hili tunaliomba liende kwa mbunge na kwa viongozi wetu wa juu.

Nchi imelizungumza sana suala la kodi miaka hii. Aprili 2021 Rais Samia aliwaelekeza watendaji wa mamlaka waache kutumia nguvu kwa wafanyabiashara, ikiwamo kuwafungia akaunti. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka, Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 ikafungwa tena na miji mingine ikafuata. Oktoba 2024 ikazinduliwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Yote hayo ni mazuri. Lakini Kariakoo ikifunga siku moja, taifa zima linajua. Soko letu likifunga wiki nzima, Dar wataulizana tu kwa nini mchele umepanda.

Na mkumbuke ile bili ya Julai 2017 kwa Acacia, dola za Marekani bilioni 190, kodi pamoja na riba na adhabu. Hatuingii katika ubishi wa nani alikuwa sahihi. Tunachosema ni kwamba jambo lile lilimalizwa kwa mazungumzo, na Oktoba 2019 ikatangazwa Barrick italipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro. Mwenye mgodi ana mawakili, anaweza kukaa miaka miwili mezani mpaka namba zibadilike. Mwenye mashine ya kukoboa ana siku 30 na theluthi moja.

Msimamo wa tawi ni kwamba kosa la uandishi tu, fedha iliyolipwa ikakaa kwenye TIN au mwaka usio wake, lisidaiwe theluthi. Fedha ya serikali imekwishaingia serikalini. Kumtaka mtu atangulize theluthi ya deni alilokwishalipa, ili asikilizwe kwamba amelipa, ni kumtoza mara ya pili kwa kosa ambalo pengine si lake. Tunataka barua ya marekebisho iwe na siku za kujibiwa, kama pingamizi lilivyo na siku za kuwasilishwa. Na tunataka hati ya makadirio inayokwenda kwa kampuni ndogo iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ikisema juu kabisa: una siku 30, na unaweza kuomba theluthi ipunguzwe. Mambo haya hayahitaji bajeti.

Hatutaki, hata hivyo, kuona majina ya maofisa wa kodi yakitupwa kwenye kundi hili na matusi. Wapo wanaofanya kazi katika mazingira magumu, wilaya kubwa, watu wachache. Ujumbe wa namna hiyo utafutwa. Aliyeombwa fedha ili deni lifutwe asituandikie sisi, apige TAKUKURU namba 113, haipokei malipo. Na aliyetoa fedha hiyo ajue hakufutiwa kitu, deni litarudi na mtu mwingine mezani.

Kuanzia Jumamosi hii, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kutakuwa na meza kwenye ofisi ya tawi. Watakaa wanachama wawili waliosomea uhasibu na mwalimu mmoja mstaafu mwenye mwandiko mzuri na uvumilivu. Watamsaidia mtu yeyote, awe na kadi au asiwe nayo, kusoma karatasi yake, kuhesabu siku zake na kuandika barua. Hawatakwenda ofisi ya kodi kwa niaba yake, hawatashika fedha ya mtu, na hawatabaki na neno la siri la mtu. Bure.

Njoo na hati yenyewe, si picha iliyokatwa pembeni. Tarehe huwa iko kwenye pembe hiyo. Njoo na TIN zote, yako na ya kampuni, risiti za benki, vyeti vya zuio, taarifa ya benki ya mwaka unaodaiwa, na daftari. Asiye na daftari la wakulima aje na wakulima wenyewe wawili watatu, tutaanzia hapo.

Mwenye hati iliyofika zaidi ya wiki tatu zilizopita asisubiri Jumamosi. Aje kesho asubuhi.

Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati ya Utendaji,
Ifakara, Kilombero.